Ngamia wa Msimu wa Pili

Msimu wa kwanza ulikuwa wangu, nasema bila kuona haya. Hooyo, ndivyo tunavyomwita mama, hakusoma. Alikulia Sangailu akichunga ng'ombe, na yale maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya skrini kwake ni sisimizi tu. Kwa hiyo kila siku baada ya swala ya alasiri, nyumbani kwetu Galbet, tuliegemeza simu kwenye thamosi nami nikamtafsiria neno kwa neno ile tamthilia ya Kikorea: bwana asiyekufa anayeuza ndoto, akimngoja mchumba wake azaliwe upya. Sikuruka hata salamu. Mambo yakichacha, hooyo alinishika goti. "Haye, amesema nini?" Hakuna mwingine duniani aliyeulizwa swali hilo.

Msimu wa pili tuliungoja miaka miwili. Katika kungoja huko mimi nikapata kazi ya ofisini mjini, na kakangu akaoa msichana wa Kutulo, kule mbali Mandera, akamleta nyumbani. Wahenga wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wallahi mimi sikupona.

Siku msimu wa pili ulipotoka nilirudi nyumbani kutoka kazini mbio mbio, nimebeba sambusa. Nikasikia kicheko cha hooyo tangu getini. Wifi yangu alikuwa ameketi pale pale pangu kwenye mkeka, simu imeegemezwa kwenye thamosi, anaeleza. Huyu aliyeacha shule kidato cha kwanza! "Abaayo, karibu dada," akaniambia. Eti karibu, nyumbani kwetu! Kwa wivu, hata sambusa zenyewe sikuzila.

Ikawa hivyo kila siku. Wakati wa chakula wananong'onezana habari za ngamia mweupe aliyepotea, kisima kilichokauka, na nyanya mkali aliyekataa kuhama. Nikajifungia chumbani kuutazama huo msimu mwenyewe. Lo! Takataka tupu. Yule bwana yuko hospitalini vipindi vinne, hajitambui. Mchumba wake ameajiriwa na kampuni ya vipodozi, na kila dakika anakunywa kahawa ya tangazo. Ndoto hakuna tena. Ngamia? Hata paka sikumwona. Kwa jinsi nilivyoungoja ningepaswa kusikitika. Mimi nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu: leo nimempata wifi.

Jumamosi nikawahi mahali pangu. "Leo natafsiri mimi," nikasema. Nikatafsiri neno kwa neno, kama zamani. Daktari amesema hali haijabadilika. Muuguzi amesema sawa. Hooyo akapiga miayo.

"Na ngamia je?"

"Hakuna ngamia, hooyo. Hajawahi kuwapo. Unadanganywa kwa kuwa hujui kusoma."

Wifi akainama, shela ikamfunika uso. Hooyo akanyoosha mkono, akailaza simu kifudifudi.

"Kusoma sijui, sawa. Macho ninayo. Ngamia ataingiaje kwenye lifti ya hospitali?" Hakupandisha sauti, afadhali angepandisha. "Huyu mtoto wa watu, wiki zake za kwanza hapa alikuwa akilia jikoni. Nikimuuliza, anasema ni moshi. Moshi, nasi tunapika kwa gesi! Nikamwambia, basi njoo unieleze filamu. Akanieleza habari za kwao. Ngamia ni wa babake. Nyanya ni nyanya yake, alikataa kuhama wakati wa ukame, na mpaka leo yuko kule peke yake."

Nilitaka kusema sikujua. Lakini jikoni na chumba changu vimetenganishwa na ukuta mmoja, na siku zote hizo masikio yangu yalikuwa yakitafuta kicheko cha hooyo tu.

"Kwani ngamia alipatikana?" nikamuuliza wifi. Niliuliza kweli, nilitaka kujua.

Akasema ameshasahau, akainuka kwenda kuosha vikombe.

Kesho yake nilitoka dukani, nikafungua geti, nikawasikia wakizungumza. Waliponiona wakanyamaza. Wifi akasogea, akaniachia pale pale pangu pa zamani. Hooyo akanimiminia chai, akaniuliza kwa upole, vile anavyowauliza wageni:

"Haye, yule bwana wa hospitalini ameamka?"

"Ameamka," nikasema. Hakuwa ameamka. "Ametoka, tena amenunua ngamia."

Hakuna aliyecheka.