Nilimtania Bibi wa Mzunguko, Mji Ukaamini

Sina wa kumlaumu. Mdomo ulikuwa wangu, maneno yalikuwa yangu, na hata kicheko kilichofuata nilikifurahia mimi mwenyewe. Ninyi mnaosoma mkimaliza mnaweza kunitukana, sitajitetea.

Mimi ni muuza mitumba wa Mabatini, hapa Mwanza. Kabila langu ni Mnyamwezi, na hilo mlishike kwa sababu ndilo lililoniponza. Sisi na Wasukuma ni watani. Mtani wangu naweza kumwita mwizi, mlafi, hata maiti, mbele ya wakwe zake, naye akanijibu kwa maneno mabaya zaidi, tukaagana tunacheka. Ndivyo tulivyolelewa.

Kulikuwa na bustani ya watoto karibu na ziwa, mali ya shirika moja la umma. Ndani yake kulikuwa na bembea kubwa ya kuzunguka, ambayo mji mzima tuliiita Mzunguko. Haikutumia umeme. Wazazi waliokuja na watoto wao ndio walioshika vyuma na kuisukuma, wanakimbia wanahema, na watoto huko juu wanapiga kelele. Viti vyake vilikuwa wanyama wa mbao: kiboko, mamba, kanga, na mkubwa kuliko wote, chatu aliyejikunja, mdomo wazi. Kila mtoto alimtaka chatu. Waligombana, wakalia, wakavutana mashati. Kumtia mkono mdomoni na kuutoa mzima ndio ulikuwa ushujaa wenyewe.

Binti yangu alikuwa mwoga wa kila kitu, hata kuku. Juu ya yule chatu ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza akicheka bila kunishika.

Aliyewachonga wanyama wale alikuwa seremala wa shirika, ambaye sasa ni marehemu. Mjane wake, Bibi Kwandu, ndiye aliyebaki kuutunza Mzunguko. Msukuma, mwembamba, mcheshi kupita kiasi. Kabla ya hapo alikuwa akikausha samaki kwa moshi kule Mwaloni, Kirumba, kwa miaka mingi, na ule moshi ukamwachia macho mekundu. Mnajua kwetu macho mekundu ya mwanamke mzee yanasemwaje. Kuna vikongwe wamekatwa mapanga kwa ajili ya macho hayo. Nilijua! Ndiyo maana nasema sina wa kumlaumu.

Basi shirika likauzwa, kama mashirika mengine yalivyokuwa yakiuzwa wakati ule. Bustani ikaangukia mikononi mwa tajiri mmoja aliyetoka Dar. Akatangaza kwamba Mzunguko utang'olewa, na badala yake italetwa bembea ya umeme kutoka nje, yenye farasi weupe, muziki na taa za rangi.

Jamani, mji uligawanyika! Vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa, basi watu wakasema na sisi tumepata vyetu, Chama cha Chatu na Chama cha Farasi. Kinyozi jirani yangu alikuwa Farasi, ikafika mahali akawa ananinyoa huku amenuna. Walokole walikuwa Farasi kwa sababu zao: nyoka ni yule yule aliyemdanganya Hawa, na huyu anafanana na machatu wa wacheza ngoma wa Kisukuma, mtoto wa Mkristo hapandi mgongoni mwa shetani. Wengine walikuwa wamechoka tu na vitu vya zamani. Sisi wa Chatu tuliwauliza, mgawo wa umeme ukianza, hao farasi wenu mtawapa majani?

Tulibishana sokoni, tukabishana msibani, tukabishana na wake zetu. Sasa nikikumbuka naona ilikuwa raha tupu. Hakuna aliyekuwa ameumia bado.

Tajiri akaitisha mkutano palepale bustanini, Jumapili mchana, awasikilize watu kabla hajaanza kung'oa. Watu walijaa. Mama mmoja mlokole akasema kwa uchungu mpaka akalia. Kisha akasimama Bibi Kwandu.

"Nawaomba mumwache," akasema. "Mume wangu alimchonga kwa mikono yake. Mkimwondoa huyu, mimi nimebaki na nini?"

Pakawa kimya. Tajiri mwenyewe aliinamisha kichwa, na nadhani tulikuwa tumeshashinda. Nilitakiwa nikae na kunyamaza! Lakini mimi nina ugonjwa wa kupenda kuchekesha watu. Nikiona ukimya, ulimi unaniwasha.

Nikasimama. "Msidanganyike na huyu bibi!" nikapaza sauti. "Huyo chatu anakula! Kila mwaka anameza mtoto mmoja, ndiyo maana hazeeki! Na anayemlisha ni huyu hapa. Mtazameni macho!"

Wanyamwezi na Wasukuma waliangua kicheko. Bibi Kwandu mwenyewe alijipiga mapaja.

"Bebe!" akasema, yaani wewe, kwa Kisukuma. "Wewe Mnyamwezi nyamaza, mwaka huu ni zamu yako! Ila una mifupa mitupu, chatu wangu atakutema!"

Looo! Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Nikapewa mikono kama mgombea aliyepita.

Lakini Mwanza si ya Wanyamwezi na Wasukuma peke yetu. Pale kulikuwa na Wajita, Wahaya, Wakerewe, Wajaluo, watu wa pwani, watu waliohamia juzi. Nilimwona mama mmoja akimvuta mwanawe, akarudi nyuma hatua kadhaa, hacheki. Nilimwona kwa macho yangu. Ningemfuata nikamwambia, mama, huu ni utani, ingekuwa dakika moja tu. Sikumfuata. Nilikuwa napokea sifa.

Siku chache baadaye mteja mmoja, dada mgeni kwangu, alikuwa akichagua magauni kwenye meza yangu.

"Kaka, umesikia habari za bustanini?" akaniuliza kwa sauti ya chini. "Kumbe yule chatu anakula watoto. Kuna Mnyamwezi mmoja alisimama akamtaja bibi hadharani. Na bibi akakiri! Akamwambia mwaka huu ni zamu yake."

Nikacheka. "Dada, Mnyamwezi mwenyewe ni mimi. Tulikuwa tunataniana."

Akaniangalia kwa huruma. "Wamekutisha, eti? Sikulaumu. Hata mimi ningekana."

Akaacha gauni, akaondoka. Na mimi, mjinga, jioni nikaisimulia habari hiyo kijiweni ili watu wacheke tena.

Habari ikatembea. Ilipofika Buhongwa chatu alikuwa na macho yanayofunguka. Iliporudi Mabatini, watoto waliomezwa walikuwa na majina. Nilijaribu kuizima, nakuapieni! Nilimwambia kila aliyenisikiliza. Nilipocheka, walisema naficha. Nilipokasirika, walisema mbona anakasirika? Nilipokula kiapo, walisema bibi ameshamfunga.

Kisha akafa mtoto wa jirani. Homa kali, degedege, hospitali wakasema malaria. Mtoto wa kiume, mwenye maneno mengi, aliyekuwa akija mezani kwangu kujaribu kofia. Jumapili iliyotangulia alikuwa amempanda chatu.

Sikuweza kwenda kushika jeneza. Nilisimama nyuma kabisa na nikasikia watu wananong'ona maneno yangu. Maneno yangu mimi, jamani, vilevile nilivyoyapanga!

Walitoka makaburini wakaelekea bustanini. Nilikimbia mbele yao, nikasimama langoni, nikanyoosha mikono. "Nilitania! Nisikilizeni, mimi ndiye niliyesema, nilitania!" Mzee mmoja akanishika mkono kwa upole, akanisogeza pembeni kama anavyosogezwa mgonjwa. "Pole, kijana wangu," akasema. "Tunajua hukusema kwa kupenda." Wakapita.

Chatu walimchoma. Kiboko na mamba na kanga nao wakaungua, maana wote walikuwa kwenye jukwaa moja la mbao. Bibi Kwandu aliponea chupuchupu, kwa kuwa balozi wa nyumba kumi alikuwa amempitisha uani na kumfungia kwake.

Nilikwenda kwa balozi, Mjita mmoja mtu mzima. "Shikamoo mzee. Nimekuja kusema ukweli mbele yako na mbele ya yeyote utakayemwita."

"Marahaba. Ukweli upi?"

"Kwamba ulikuwa utani. Mimi na bibi ni watani."

Akajikuna kidevu. "Sasa mimi nikawaambie nini wale wazazi? Kwamba mtoto wao alikufa na wewe ulikuwa unacheka? Watakuua wewe, na bibi hawatamrudishia chochote. Nenda nyumbani, mwanangu. Hapa huna la kufanya."

Na kweli sikuwa nalo. Polisi walinisikiliza, wakaniuliza kama namjua aliyewasha kiberiti. Mchungaji wangu aliniombea. Tajiri alisema anasikitika sana, na kwamba hakupenda iwe hivyo. Nadhani alisema kweli. Farasi wakaja. Ni weupe, wanapendeza, muziki wao unasikika mpaka barabarani. Binti yangu ananiomba nimpeleke, sijui nimjibu nini.

Ila hayo yote siyo yanayonikosesha usingizi.

Bibi Kwandu ilibidi aondoke. Ana mtoto wa kike upande wa Sengerema. Balozi akaniruhusu nimsindikize mpaka kwenye kivuko cha Kamanga, asubuhi, yeye amejitanda khanga mpaka puani watu wasimwone macho. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilitamani anitukane! Anitukane kiutani, anitukane kweli, vyovyote vile, ningepokea.

Tulipofika ukingoni mwa maji alinigeukia. Akanishika kiganja, kwa mikono yote miwili.

"Mwanangu," akasema, na hakuwa amewahi kuniita hivyo. "Niambie kweli. Uliona nini?"

"Niliona nini wapi, bibi?"

"Kwa yule chatu. Na kwangu. Wewe ndiye uliyesema wa kwanza, kabla ya watu wote. Mtu hasemi tu. Labda kuna kitu ninachofanya usingizini, mimi sijui. Yule mtoto nilimpandisha mwenyewe, nilimshika kiunoni. Uliona nini?"

Mungu wangu! Nilipiga magoti kwenye mchanga. "Sikuona kitu, bibi! Hakuna kitu! Nilikutania, nawe ukanijibu, ulicheka, hukumbuki?"

"Nilicheka," akasema. "Sikuwa nimejua." Akatikisa kichwa taratibu, bila hasira. "Unanionea huruma, ndiyo maana unaficha. Haya."

Kivuko kikapiga honi, akapanda. Nilipiga kelele jina lake kutoka ukingoni, nikarudia kwamba nilitania, watu wakanitazama kama mwehu. Hakugeuka.

Nimeandika haya ili ninyi wenye ndimi nyepesi kama mimi, mnaojua kuchekesha mikutano, mtazame vizuri nani amesimama nyuma ya watani wenu kabla hamjafungua midomo. Na mkimwona mmoja ambaye hacheki, acheni sifa zenu, mfuateni siku hiyohiyo! Mimi nilichelewa. Sasa kuna bibi ng'ambo ya ziwa ambaye hajamdhuru hata mende, anaamka kila asubuhi akijiuliza amemla nani, na kila nikimtumia ujumbe kwamba hakumla mtu, anajibu ahsante, mwanangu, una moyo mzuri.