Siku Nilipowamwagia Wakwe Mursik

Nikikumbuka siku watu wa Kiplang'at walipokuja kwetu Mogogosiek kuniposa, hutamani ardhi inimeze, na sisemi hivyo kwa mapambo ya lugha.

Ninaugua neva, zile zinazoendesha mambo ambayo mtu hayaamuru mwenyewe, kama presha na mapigo ya moyo. Nikisimama kwa muda mrefu damu hubaki miguuni, kwa hiyo daktari aliniagiza ninywe maji mengi na nikae kila ninapoweza. Siku hiyo niliamua kutokunywa maji (mchumba anayekimbilia choo kila mara angeonekanaje?), nikasimama na kibuyu cha mursik, maziwa lala yetu ya mkaa, nikimsubiri mzee wa kanisa awaombee wageni, aombee nchi, mvua, na hatimaye bei ya majani chai.

Amina haikufika. Nilianguka, mimi na kibuyu, juu ya baba mdogo wa Kiplang'at.

"Hiyo ni kifafa!" mgeni mmoja akasema. "Kwa ukoo wenu iko?" (Ndilo swali linaloulizwa kabla ng'ombe hawajatajwa, na posa nyingi zimefia hapo.)

"Kifafa gani? Huyo ana mimba," shangazi akanong'ona kwa sauti iliyofika jikoni, naye baba akafunika uso kwa kofia.

Kiplang'at, anayeijua hali yangu, alikwisha kuipandisha miguu yangu kwenye kigoda, mama ameishikilia sketi, nami, mwalimu mzima, nikawafundisha wakwe nikiwa chali: si kifafa, si mimba, haiambukizi, huenda isipone, na kama inavunja posa, basi heri ivunjike leo kuliko baada ya harusi.

Baba mdogo akapangusa maziwa masharubuni.

"Kwani tulikuja kutafuta nguzo ya stima?" akawauliza wenzake. "Mtu akishindwa kusimama si anakaa? Wewe msichana, lala tu hapo. Haya wazee, tuongee ng'ombe."

Wakaongea, wakabishana, wakakubaliana, yote juu ya kichwa changu, huku nikiyatazama mabati na machozi yakiniingia masikioni. Nimeapa kwamba sitasimama tena ili nionekane mzima. Siku hizi naomba kiti hata katikati ya maombi, na anayenikodolea macho namweleza nikiwa nimekaa.