Mtoto Niliyemfuta kwenye Mti wa Ukoo

Bibi yangu, mama yake baba, alitaka jambo moja kabla ya kufa: mtoto wake wa kwanza ahesabiwe pamoja na wengine. Hakulisema hivyo. Siku nilipomweleza kwamba kompyuta za dukani kwangu zinaweza kutafuta watu wa zamani, aliuliza tu, "Mume wangu, hata aliye mdogo kabisa hupatikana?" Nikamjibu kwamba hata aliye mdogo kabisa. Nilidhani ni utani, maana bibi na mjukuu hutaniana. Sikumuuliza ni mdogo yupi.

Wakati ule nilikuwa na haki ya kujivuna, na bado ninayo. Niliondoka milimani na shati moja la kubadilisha. Nilirudi na stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu na kompyuta nne nilizonunua kwa jasho langu mwenyewe. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Ilikuwa miaka ya soko huria. Waliokuwa wakisubiri serikali iwape kazi waliendelea kusubiri, na mimi nikafungua duka la intaneti karibu na soko la Lushoto. Watalii walioshuka kutoka kwenye mwamba wa Irente waliingia na viatu vyao vya matope kusoma barua pepe, na vijana wa sekondari wakaja kujifunza kuchapa.

Saa ambazo duka lilikuwa tupu nilizitumia kusoma. Ndipo nilipokuta kozi ya bure ya watafiti wa historia za familia. Kila wiki somo lilikuja kwa barua pepe, na kazi ya kufanya, na mwalimu wa mbali aliyesahihisha. Tulifundishwa kuchora mti wa ukoo, kupima ushahidi na kuandika kila jambo lilikotoka. Tulielekezwa pia kwenye tovuti mpya zilizokuwa zikipandisha picha za vitabu vya zamani, na katika mojawapo nikaona kurasa za ubatizo za misheni moja ya milima yetu. Nilisimama nikapiga makofi peke yangu. Kwa kadiri nijuavyo, hakuna mtu mwingine Lushoto aliyekuwa amefika huko.

Somo la kwanza lilisema: anza na walio hai, keti na wazee, sikiliza. Nililiruka. Nilijiambia kwamba mazungumzo ni ya wasiokuwa na nyaraka.

Nilipekua kurasa zile siku tatu mpaka nikamwona baba. Jina la ubatizo lilikuwa lake, jina la nyumbani lilikuwa lake, na majina ya babu na bibi yaliandikwa mbele yake kwa mwandiko wa kulala. Ila mwaka ulikuwa nyuma kwa miaka mitatu kuliko ule aliokuwa akiutaja maisha yake yote. Sikufungua ukurasa mwingine. Niliandika kwamba baba alikuwa amekosea umri wake, nikamaliza mchoro, nikautuma kwa mwalimu. Nilipata alama za juu kabisa. Cheti nilikichapa, nikakitia kwenye fremu.

Jumapili baada ya misa niliupeleka mchoro nyumbani, upande wa Gare. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake, shangazi akimenya viazi, Bibi kwenye mkeka karibu na mlango. Niliwasomea kwa sauti, kizazi baada ya kizazi, na nikafika kwa baba na mwaka wake mpya.

Shangazi akaacha kisu. "Heee! Kumbe kaka ni mzee hivyo, na kila siku anatudanganya ni kijana!"

"Nimeibiwa miaka mitatu," baba akasema, "na mwizi ni mwanangu."

"Karatasi haidanganyi, baba," nikasema.

Tulikuwa bado tunacheka Bibi aliposema kwa Kishambaa, polepole, "Huyo uliyemsoma si baba yako."

Nikaanza kumweleza habari za ushahidi. Baba akaninyamazisha kwa mkono.

"Huyo ni wa kwanza," Bibi akasema. "Alikuwa ameanza kukaa. Nilimwacha kwenye kanga nikapalilia, niliporudi ana joto. Siku ya pili hakuamka."

Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba. Hilo nililijua tangu utoto. Bibi ndiye aliyenieleza siku ile kwamba mtoto huyo akifariki, jina haliachwi chini: anayefuata hulibeba. Kwa hiyo baba yangu alipozaliwa walimpa majina yote mawili ya aliyemtangulia. Mtoto mwenyewe alizikwa na wanawake watatu, bila matanga, kwa kuwa hakuwa ameota meno. Wakamkataza Bibi kulia kwa sauti, wakimwambia atamfungia njia anayekuja. Hakulia. Baba alikuwa akisikia habari hizi kwa mara ya kwanza, na nywele zake tayari nyeupe.

Mimi, mwenye stashahada, nilikuwa nimeipata alama pekee aliyoiacha mtoto yule duniani, nikamvisha mtu mwingine.

Jumatatu sikufungua duka kwa wateja. Nilirudi kwenye picha zile na kuendelea mbele. Kwenye kurasa za miaka mitatu baadaye yalikuwepo: majina yale yale, wazazi wale wale, mtoto mwingine. Nilimwandikia mwalimu kwamba kazi aliyoisifu ilikuwa na kosa kubwa, na kosa lilikuwa langu. Kisha nikachora mti upya kwa mkono, visanduku viwili chini ya Bibi mahali palipokuwa na kimoja, shangazi pembeni yao.

Bibi hakujua kusoma. Nilimpelekea mchoro, akaniomba nimshike kidole nimwonyeshe. Nikakiweka pale.

"Mbona amelingana na baba yako?"

"Kila mtu hupewa nafasi sawa, Bibi."

"Na aliyekaa miezi saba?"

"Naye."

Akakiacha kidole pale pale. Halafu akalia, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, hata alipofariki babu. Shangazi alitoka jikoni akaketi naye, akamshika mabega, naye akaanza kulia. Baba akavua kofia, akavua viatu, akakaa chini kwenye mkeka kama watu wanavyokaa msibani.

Jirani aliyekuwa akipita na mzigo wa majani ya ng'ombe alisimama kwenye ua. Akautua mzigo, akauliza nani amefariki.

"Kaka yangu," baba akamjibu.