Nyuki wa Dohani Yetu

Harufu ya mkaa unaoanza kushika ndani ya chumba kilichofungwa hunipandisha hasira kabla hata sijakumbuka kwa nini. Juzijuzi nililala nyumba ya wageni pale Karatu, binti wa mapokezi akaniletea jiko la mkaa mpaka miguuni pa kitanda. "Dada, baridi ya huku si mchezo. Funga dirisha vizuri." Nililibeba jiko mwenyewe mpaka uani. Binti wa watu alibaki ananitazama kama mwendawazimu, na sikumlaumu.

Utotoni tulikaa kwenye shamba moja la kahawa huko juu, karibu na msitu wa Ngorongoro, ambako mwezi wa saba ukungu unaingia ndani bila hodi. Baba alikuwa dereva wa trekta, mtu wa Singida. Mama ni Mwiraqw wa Mbulu. Tulipewa nyumba ya mawe iliyokuwa ya karani zamani, na kati ya nyumba zote za wafanyakazi ni yetu tu iliyokuwa na mahali pa kuwashia moto ukutani, na dohani ya kutolea moshi juu ya paa. Mama aliifurahia dohani ile kuliko hata kitanda.

Kabla ya baridi, nyuki wakahamia humo. Kundi zima. Baba akasimama uani anacheka peke yake, maana kwake yeye, mtu wa Singida kwenye wafuga nyuki, nyuki kuja kwako wenyewe bila mzinga ilikuwa heshima kubwa.

"Sasa moto tutawasha wapi, Baba Rehema?" mama akauliza.

"Mama Rehema, wageni wamekuja wenyewe, unataka niwafukuze kwa moshi?"

Basi, yakaisha. Pale pa moto pakazibwa kwa gunia. Asali ikaanza kuvuja ukutani, nyumba ikanukia utamu kutwa, mpaka mimi na mdogo wangu Paskalina tukaulamba ukuta. Tulichapwa.

Jioni jiko la mkaa likawa linaingizwa chumbani tulikolala sote wanne. Dirisha lilizibwa kwa mfuko wa mbolea, chini ya mlango tukasukumia blanketi kuukuu. Joto lilikuwa tamu, siwadanganyi. Balaa ilikuwa asubuhi: kichwa kinagonga, tumbo linachafuka, Paska anatapika chai. Nikifika shuleni, kabla ya mapumziko nimepona kabisa. Nilipowaambia nyumbani, nikajibiwa kwamba naumwa uvivu, kwa nini kichwa kiume saa ya kuosha vyombo tu? Jamani! Mpaka leo nikikumbuka najikuta nabishana nao peke yangu jikoni.

Zahanati walitupima malaria, hawakuiona. Jirani yetu, Mama Daria, akasema kuna mtu ana kijicho na asali yetu. Baba akasema tumepigwa na baridi, na neno la baba likawa ndilo. Mkaa ukaongezwa. Na kila jioni kila mtu akapewa kijiko cha asali ya moto yenye tangawizi, kama dawa. Hebu oneni upuuzi huo: asali ndiyo iliyotunyima moto wenye njia ya moshi, na asali hiyohiyo ndiyo tuliyokuwa tunatibiwa nayo. Tukashukuru na kulamba kijiko.

Asubuhi moja baba alishatoka kwenda kwenye trekta. Mama akaamka anayumba, akamtikisa Paska. Paska hakuamka. Alikuwa amelegea kama nguo iliyolowa. Mama akamkumbatia, akatoka naye mlangoni, na hatua chache tu miguu ikamwishia nguvu. Akaanguka kwenye majani yenye umande, mtoto mapajani. Mimi nilitambaa nyuma yao nikilia.

Majirani wakaja mbio. Mnajua walisema nini? "Mrudisheni mtoto ndani, atakufa kwa baridi!" Mama Daria akaushika mkono wa Paska kumvuta. Mama hakumwachia. Si kwamba alijua lolote, maskini, alikuwa tu hawezi kusimama.

"Niacheni kwanza nipate pumzi," akasema, huku anatapika.

Wakabishana juu ya vichwa vyetu, wengine waingize, wengine wangoje. Katikati ya ubishi ule Paska akakohoa, kisha akalia. Sijasikia tena kilio kitamu namna ile.

Hospitalini muuguzi aliuliza swali moja tu: "Usiku mnalala na jiko?" Akatueleza kwamba mkaa, hata ukiwaka vizuri bila moshi, unatoa hewa ya sumu isiyonuka, na chumba kikizibwa mtu anaweza kulala moja kwa moja. Baba alisikiliza kofia ikiwa mkononi.

Siku hiyohiyo alipanda juu ya paa, akawahamishia nyuki kwenye mzinga pembeni ya msitu, akaisafisha dohani. Jioni moto wa kuni ukawaka ukutani na moshi ukaenda zake juu. Kazi ya mchana mmoja! Ndicho kinachoniuma. Nikangoja baba aseme tu, "Wanangu, nilikosea." Nikangoja mpaka nikakua, nikamwuliza mwenyewe. "Yameshapita hayo, Rehema," akanijibu.

Ila asali hakuila tena. Ndugu zake wakija na dumu kutoka Singida, analipokea, anashukuru, asali yote anawagawia majirani. Miaka yote hiyo nilidhani amewasusia nyuki, na nilimcheka kimoyomoyo.

Krismasi iliyopita, Paska, ambaye sasa ana watoto wake, alimkorogea asali kwenye chai kwa utani. "Leo utakunywa tu, mzee wa Singida!" Baba akaonja, akaweka kikombe mezani. Akamtazama Paska kwa muda mrefu, macho yakamjaa machozi.

"Vipi, baba, ya moto sana?"

"Ee, imeniunguza kidogo, mwanangu."

Ningetaka aliseme lile neno la "nilikosea" kwa mdomo wake, na bado nataka. Lakini nilinyanyuka, nikaondoa kikombe kile mbele yake kabla Paska hajauliza zaidi, nikamletea kingine chenye sukari.