Marufuku Kutaja Tembo

Ernestine anauza maandazi kando ya barabara pale Sitalike, na mdomo wake unajulikana hadi Mpanda mjini. Ndiye aliyeanzisha kundi la WhatsApp la akina mama wenye mashamba jirani na hifadhi. Huko shambani simu za kupiga hazishiki, ujumbe tu ndio hupenya kwa kubahatisha. Basi kila jioni, kabla ya kurudi nyumbani, wanauliza kundini tembo wako upande gani, na Zablon anayelinda mahindi juu ya dungu anawajibu.

Ndipo likaja agizo: marufuku kutaja mtandaoni tembo walipo, kwa sababu majangili nao wana simu. Likikiukwa, kiongozi wa kundi atashtakiwa. Ernestine hakuliona la kijinga. Aliwahi kumwona tembo aliyekatwa uso, akashindwa kula siku nzima. Lakini aliyeliandika, alisema, huyo hajawahi kutoka shamba kwa miguu.

Leo Zablon alituma sauti kama kawaida yake. Muda si mrefu Ernestine akaitwa ofisini kwa mtendaji wa kijiji, Telesphor.

"Mama Pacifique, unataka nifukuzwe kazi? Futa hiyo sauti."

"Zablon ameonya watu, mtendaji. Hajauza pembe."

"Nyie mnanitafutia kesi. Futa!"

Ernestine akaifuta. Aliogopa jela, tena sana. Ana watoto wanaomtegemea.

Hawajakaa sawa, simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa Joséline, mdogo wake: "Dada, tumetoka shamba, nimembeba mtoto. Naona kuna kitu kimefutwa. Zablon alisemaje? Tupite mtoni?"

Tembo walikuwa mtoni. Telesphor akafuta jasho. "Waambie wapite barabarani. Tembo usiwataje."

Ernestine akaandika hivyo. Jibu likaja: "Barabarani mbali dada, na mvua hiyo inakuja. Kama hakuna shida tunashukia mtoni."

Akapiga. Haikushika. Akapiga tena, hola. Hasira zikampanda mpaka machozi yakamtoka, akamtazama Telesphor. Mtendaji alikuwa akitazama meza.

"Mwenye agizo yuko wapi sasa?" Ernestine akauliza. "Aje amjibu mdogo wangu."

Hakungoja. Akaandika: "Tembo wako mtoni. Rudini." Telesphor akanyoosha mkono kumzuia, kisha akaurudisha.

Akaiweka simu mezani, katikati yao. Ujumbe ulionyesha umefika, lakini haujasomwa. Mvua ikaanza kupiga bati. Ernestine akaita jina la mtoto wa Joséline kwa sauti ndogo, akaliita tena.

Simu ikalia, ujumbe wa sauti tena. "Tumewaona dada, wako pale pale kwenye kivuko. Tumerudi nyuma."

Telesphor akashusha pumzi. Akajikohoza, akaivaa tena sura ya ofisi. "Haya, Mama Pacifique. Sasa ufute."

Ernestine akamsogezea simu. "Ufute wewe."

Telesphor hakuigusa.