Mke wa Mwalimu na Malkia wa Tausi

Nilimhudumia Mwalimu miezi kumi na minne, nyumbani kwake Kingsbury, asubuhi tano kila wiki. Alikuwa Mhindi mzaliwa wa Mombasa, aliyekuja London akiwa kijana na kufundisha Kilatini katika shule ya wavulana mpaka akastaafu. Siku ya kwanza nilipomwamkia shikamoo, alinikazia macho, akauliza, "Wewe wa mtaa gani?" Nikamwambia Majengo, hukohuko Mombasa. Basi akasahau kwamba nimekuja kumwogesha. Maji yakapoa huku akiniuliza habari za viazi vya karai na barabara ambazo sasa zina majina mengine.

Mkewe alikuwa amefariki miaka miwili kabla sijamjua. Picha yake ilitundikwa sebuleni, juu ya meko ya kuotea moto iliyozibwa, na chini yake palikuwa na kibao chembamba. Kila asubuhi, kabla ya chai, Mwalimu alisimama hapo akaweka ua bichi, akawasha kijiti cha ubani. Kazi yangu ilikuwa kumshika kiunoni asianguke. Hilo halikunisumbua. Ua ni lake, mkono ni wake.

Kisha akapata kiharusi. Aliporudi kutoka hospitali, mkono wa kulia ulikuwa umelala na miguu haikuweza tena kumsimamisha. Asubuhi hiyo ya kwanza, nilipokwisha kumweka kwenye kiti, akaninyooshea ua kwa mkono wa kushoto.

"Binti yangu, niwekee."

Sikulipokea. "Mwalimu, nisamehe. Hilo siwezi."

"Kwa nini?"

"Mimi Mwislamu. Nitaona kama ninamwabudu."

Nilidhani atakasirika, au atapiga simu ofisini waniondoe. Alicheka mpaka akakohoa, nikamletea maji. "Kumwabudu! Nimeishi naye miaka hamsini na miwili. Namjua mno huyu, siwezi kumwabudu."

Nilipokuwa nikimpaka siagi kwenye mkate, akaanza kunisomesha, kwa sauti ile ambayo bila shaka wanafunzi wake waliijua. Warumi wa kale, alisema, walikuwa na desturi ya kuwafanya miungu baadhi ya wafu wao. Kaisari akifa, baraza lao la seneti likikubali, anapewa hekalu, makuhani na siku yake ya sadaka. Walipomchoma, tai aliachiliwa kutoka juu ya lundo la kuni, apae na roho. Palitokea hata watu wa kuapa kwamba wamemwona marehemu akipanda mbinguni kwa macho yao.

"Na watu waliamini?" nikauliza.

"Wengine waliamini. Wengine waliogopa. Wengine walicheka kimoyomoyo, na hekaluni wakaenda." Akatafuna polepole upande mmoja wa mdomo. "Lakini si makaisari tu. Kulikuwa na mwanasiasa mmoja, msemaji mkubwa, alifiwa na binti yake. Hakutaka kumjengea kaburi. Alitaka hekalu. Aliandika barua baada ya barua akitafuta kiwanja."

"Akalijenga?"

"Inaonekana hakulijenga. Nilipokuwa nawafundisha vijana, nilimwona mtu wa majivuno. Sasa namwonea huruma."

Niliosha vyombo, na nilipokuwa nikivikausha nikaona la kufanya. Nilimwomba ruhusa, nikaishusha picha, nikaiegemeza kwenye meza ndogo ya chai, usawa wa magoti yake. Akanyoosha mkono wa kushoto, ua likatetemeka, likaanguka mara mbili. Mara ya tatu likakaa. Tangu siku hiyo aliliweka mwenyewe, nami nikaenda kuchemsha chai.

Wiki chache baadaye nilimweleza habari za mamangu. Alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Pasipoti yangu ilikuwa bado uhamiaji, sikuweza kusafiri, nikamlilia katika chumba changu Wembley, simu sikioni, nikisikia wanawake wakisoma hitima kule nyumbani. Nilimwambia Mwalimu kwamba mamangu alikuwa malaika, hajapata kumkosea mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Jumamosi unafanya kazi?"

"Hapana."

"Nipeleke mjini. Kuna kitu nataka ukione."

Binti wa Mwalimu alikataa kwenye simu. Baba atashikwa na baridi, treni zimejaa watu. Mwalimu akamjibu kwa Kigujarati maneno mawili matatu, akakata. Jumamosi nikamfunga skafu mbili, tukaingia kwenye lifti ya stesheni, mimi nasukuma kiti, yeye ananyoosha kidole kama nahodha.

Kwenye jumba la makumbusho tulipita masanamu ya marumaru yasiyo na pua bila kuyatazama. Alichokitaka kilikuwa kwenye kabati la kioo: sarafu ya shaba, isiyozidi ukubwa wa kifuniko cha chupa. Niliinama. Mwanamke ameketi juu ya mgongo wa tausi, ushungi umejaa upepo, anapaa.

"Malkia," Mwalimu alisema. "Alipokufa wakamfanya mungu. Makaisari hubebwa na tai, wake zao mara nyingi tausi. Mtazame vizuri. Anaona raha?"

Nilitazama tena. Kusema kweli alikuwa amejikunyata, kama abiria wa bodaboda asiyemwamini dereva.

"Anaogopa," nikasema.

"Eeh! Mke wangu alikaa hivyohivyo kwenye ndege tulipohama. Safari nzima alinifinya mkono, akanilaumu mimi kwa kila mtikisiko." Alicheka, halafu uso ukamkunjamana, akalia palepale mbele ya watoto wa shule na mwalimu wao. Nilimfuta kwa ncha ya mtandio wangu. Hakuona haya, nami sikuona.

Ndani ya treni ya kurudi, kabla hatujafika Wembley, akaniuliza, "Mamako alikuwa na makosa gani?"

"Makosa?"

"Kila mtu anayo. Nitajie moja."

Nilimwambia kwamba alikuwa mchoyo wa sukari. Nikamwambia kwamba alitupiga kwa mwiko, kwamba hakusema na jirani yake miaka sita kwa sababu ya kuku, kwamba niliposema nakuja Ulaya alisusa kula siku mbili nzima. Mambo hayo sikuwa nimeyatamka tangu afe. Kadiri nilivyosema nilimsikia, ile sauti yake yenye mikwaruzo, akiniita kutoka uani. Malaika niliyekuwa nikimlilia hakuwa na sauti.

"Sasa huyo," Mwalimu akasema, "huyo ningependa kumjua."

Kesho yake, Jumapili mchana, nilimpigia dadangu Mombasa. Tangu msiba tulikuwa tukizungumza kwa adabu, kila mmoja akichunga maneno. Nikamuuliza, "Wakumbuka alikokuwa akificha sukari?"

"Ndani ya cherehani," akasema, na akaanza kucheka. "Na wewe ndiwe uliyeiba, nikapigwa mimi!"

Tuligombana kwa furaha mpaka simu yake ikaisha chaji.

Mwalimu alihamia kwa bintiye mwaka uliofuata, mji mwingine, saa mbili kwa gari. Nilimfungia mizigo, vitabu vyote, maana hakukubali kuacha hata kimoja. Alipokwisha kukaa kwenye gari akateremsha kioo.

"Wamenitafutia mhudumu mwingine kule. Mpolandi. Hajui Kiswahili hata neno."

"Mtaelewana vipi, Mwalimu?"

"Nitamfundisha Kilatini," akasema, na bintiye akawasha gari.