Chakula cha Udongo

Mvua imelipiga pipa la majani yanayooza nyuma ya nyumba yetu hapa Mtendeni, na harufu iliyopanda imenirudisha Goweko, shambani kwa mama.

Mama alilima matuta kwa kufukia nyasi na majani makavu ndani yake. Mwaka mmoja, nikiwa mdogo, alinipa kipande changu. Nyasi zilikuwa nyingi, nami nilitaka kumaliza mapema, nikazichoma. Kipande kikawa safi kama uwanja uliofagiliwa. Nikamwita aone.

Hakunigombeza. Alinishika mkono akauzamisha kwenye tuta lake la mwaka uliopita. Udongo ulikuwa mweusi, wa baridi, na mvua iliyonyesha wiki nzima nyuma bado imo ndani. Kisha akauzamisha kwenye kipande changu. Vumbi la moto tu.

“Udongo nao unakula,” alisema. “Umeuchomea chakula chake.”

“Ndiyo umeshaharibika, mama?”

“Utaulisha. Mwakani kipande hiki bado ni chako.”

Sasa hivi binti yangu ametumbukiza mkono kwenye pipa, umetoka mweusi hadi kwenye kiwiko. Anaelekea bombani. Namwambia asinawe kwanza, anuse.